Hidrojeli yenye chembe nano za fedha inapogoma: dalili, sababu na marekebisho

Chupa ninayoletewa mara nyingi zaidi mezani kwangu ina maji ya kijivu na vumbi jeusi chini. Mwenye chupa hunieleza kwamba alifuata maelekezo yote, jana ilikuwa njano nzuri, leo imekuwa hivi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Nimewasaidia wanafunzi wengi kuchanganya chembe nano za fedha (punje ndogo mno za madini ya fedha) na hidrojeli (jeli inayoshika maji mengi), ili kitambaa cha kidonda kibebe dawa na kuua vijidudu kwa wakati mmoja, na makosa yanayowaangusha ni yaleyale kila mwaka. Nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na sababu inayotokea sana.

Neno moja kabla hatujaanza, kwa sababu litarudi karibu kila mahali: kloridi. Iko kwenye maji ya bomba, kwenye jasho la vidole, kwenye bafa (kimiminika cha kutuliza pH), kwenye chumvi ya kugandishia jeli, na hata ndani ya dawa yenyewe. Ayoni za fedha, yaani fedha iliyoyeyuka yenye chaji, zikikutana nayo hutoa kloridi ya fedha, kitu kisichoyeyuka. Kabla ya kutafuta kosa kwenye jeli, litafute kwenye chumvi.

Tena, tenganisha washukiwa. Weka vichupa vinne pembeni: fedha peke yake, jeli tupu, jeli na fedha, jeli na dawa. Kosa likijitokeza kwenye kichupa cha kwanza, jeli haina hatia, na umeokoa wiki mbili.

Dalili: mchanganyiko umekuwa mweupe kama maji ya mchele

Hii ni kloridi, na kwa kawaida imetoka kwenye maji. Hesabu yake inatisha. Ukiwa na nitrati ya fedha ya milimolari 1 (gramu 0.17 kwa lita), mikrogramu 6 hivi za kloridi kwa lita zinatosha, kwa nadharia, kuvuka kikomo cha kuyeyuka. Ukungu wa kuonekana kwa macho unahitaji zaidi ya hapo, lakini maji ya bomba hubeba miligramu, si mikrogramu, na visima vya pwani vyenye munyu ndiyo usiseme.

Kipimo rahisi: chukua mililita 10 za maji yako, tia tone la asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha matone mawili ya nitrati ya fedha. Tazama kwenye kitambaa cheusi. Yakifanya ukungu, maji hayo hayafai. Mtambo wa kukeneka wenye magamba hurusha maji machafu hadi kwenye chombo cha kupokelea, kwa hiyo pima hata maji unayoyaamini. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yapime pia kabla hujayapa nafasi.

Maji yakiwa safi, mshukiwa wa pili ni vyombo. Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa: watu huosha bika kwa mchanganyiko wa asidi ya hidrokloriki na nitriki, kwa kuwa ndivyo wanavyofanya wa chembe za dhahabu. Kwa dhahabu ni sawa. Kwa fedha, mchanganyiko huo huacha utando wa kloridi ya fedha kwenye kioo, na kila utakachotengeneza humo kitaharibika. Tumia asidi ya nitriki ya asilimia 10, suuza kwa maji yaliyokenekwa mara tano au sita, kausha ukiwa umefunika.

Mshukiwa wa tatu ni dawa, nami nitaifikia hapo chini.

Simama. Usisuuze kwa spiriti au ethanoli chombo chenye mabaki ya fedha na asidi ya nitriki kali. Mchanganyiko huo unaweza kutengeneza fulminati ya fedha, na hiyo hulipuka kwa kuguswa tu. Ukikuta chupa ya zamani ya fedha iliyochanganywa na amonia, yenye ukoko mweusi mdomoni, usifungue, usitikise, usiibebe. Ondoka chumbani, zuia wengine kuingia, mwite msimamizi wa usalama.

Dalili: njano imegeuka kijivu, zambarau au nyeusi

Chembe nano za fedha zilizotengenezwa vizuri huwa njano angavu, na kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa, hutoa kilele kimoja chembamba karibu na nanomita 400. Zikishikamana, kilele hupungua na kusogea kuelekea mawimbi marefu, mara nyingine kikizaa kilele cha pili upande huo. Rangi inafuata.

Kwa wanaotumia borohidridi ya sodiamu, kemikali inayogeuza ayoni za fedha kuwa chembe, sababu ya kwanza ni borohidridi iliyokaa. Ikishayeyushwa huanza kuoza majini na kutoa hidrojeni, kwa hiyo ile ya asubuhi si ileile mchana. Ipime, iyeyushe kwenye maji ya baridi, itumie papo hapo, chombo kikiwa ndani ya barafu. Utaratibu unaonipa matokeo ya kuaminika ni mililita 30 za borohidridi ya milimolari 2 zikikorogwa, kisha mililita 10 za nitrati ya fedha ya milimolari 1 zikidondoshwa tone moja kwa sekunde. Ukimaliza tone la mwisho, zima kikorogeo na utoe sumaku. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani kukoroga zaidi ni kufanya vizuri zaidi. Ukiendelea kukoroga, njano hukolea, huwa zambarau, huishia kijivu.

Sababu ya pili ni kinyume cha vipimo: fedha nyingi kuliko borohidridi inayoweza kuibadilisha na kuilinda. Uwiano wa hapo juu una borohidridi mara 6 ya fedha, na ziada hiyo si upotevu, kwa kuwa ndiyo inayozizuia chembe zisigusane.

Sababu ya tatu, chumvi iliyoingia baadaye. Hata chembe zilizokamilika, zinazosukumana kwa chaji za uso wake, hushikamana chumvi ikizizunguka. Jaribu hivi: chukua mililita 2, tia tone la maji ya chumvi. Zikibadilika rangi mara moja, ujue hazina ulinzi wa kutosha na jeli yoyote yenye chumvi itaziua. Ongeza tone la polivinilipirolidoni (polima inayozivika chembe ganda la ulinzi) ya asilimia 0.3 kwenye sampuli nyingine kabla ya chumvi. Njano ikidumu, umepata dawa yake.

Sababu ya mwisho ni mwanga. Funga chupa kwa karatasi ya alumini, weka kwenye friji, usigandishe. Chembe zilizokwisha shikamana hadi kijivu hazirudi. Usipoteze siku kuzitikisa kwa mawimbi ya sauti, anza upya.

Dalili: umetumia majani, rangi ya kahawia imetokea, lakini kilele hakieleweki

Mwarobaini, mshubiri, mlonge: njia ya majani inapendwa kwetu kwa kuwa ni rahisi na malighafi iko nje ya dirisha. Naipenda pia. Ila maji ya majani hugeuka kahawia yenyewe yakipigwa na hewa, na wengi wameandika "chembe zimepatikana" wakati walichokipata ni chai. Weka chupa ya maji ya majani bila fedha, joto lilelile, muda uleule, na uitumie kuweka sifuri ya spektrofotomita. Kahawia ikitokea kwenye chupa zote mbili, rangi hiyo haithibitishi kitu.

Majani nayo yana kloridi. Hapo ndipo kipimo cha miale ya eksi kinapookoa: fedha halisi huonekana kwenye pembe za nyuzi 38.1, 44.3, 64.4 na 77.4 (kwa mashine ya bomba la shaba). Kloridi ya fedha huonekana kwenye 27.8, 32.2 na 46.2. Nimeona matokeo yenye mstari wa 32.2 mrefu kuliko wote, na mwandishi akauita "uchafu mdogo". Kama mstari mkubwa ni wa kloridi, ulichotengeneza ni kloridi. Kiandike hivyo.

Dalili: jeli haigandi, au ina ngozi nje na maji ndani

Nazungumzia alginati, unga wa kutengenezea jeli unaotoka kwenye mwani, kwa sababu ndiyo wengi huanza nayo. Alginati hugandishwa na kalsiamu, na ukitumbukiza tone la asilimia 2 kwenye kalsiamu, sehemu ya nje huganda kwanza na kuifungia njia kalsiamu isiingie ndani. Kwa shanga ndogo hilo si tatizo, ziache dakika 30. Kwa bamba nene utapata ngozi na uji. Tumia njia ya kugandisha kutoka ndani: changanya unga laini wa kabonati ya kalsiamu kwenye alginati, kisha tia glukono-delta-laktoni, ambayo huachia asidi polepole na kuifungua kalsiamu kila mahali kwa pamoja.

Jeli ikiwa legelege kote, angalia kama alginati iliyeyuka kweli. Unga unaomwagwa wote kwa mpigo hufanya madonge kama uji uliopikwa kwa haraka, makavu katikati. Nyunyiza kidogo kidogo maji yakikorogwa kwa nguvu, uache usiku kucha.

Kisha angalia sitrati. Chembe zilizolindwa kwa sitrati (chumvi ya asidi ya limau) hubeba ziada yake, na sitrati huinyang'anya alginati kalsiamu. Zizungushe kwenye sentrifuji, mwaga maji ya juu, zitawanye upya kwenye maji safi kabla ya kuchanganya.

Na kalsiamu yenyewe imekuja na nini? Karibu kila mwongozo unasema kloridi ya kalsiamu. Ukiwa bado na ayoni huru za fedha, umezigeuza kuwa mashapo meupe ndani ya jeli. Tumia nitrati ya kalsiamu kwa ukolezi uleule, au laktati.

Kwa jeli ya alkoholi ya polivinili, inayogandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara, kosa kubwa ni friza. Umeme ukikatika usiku, mzunguko mmoja umepotea na hujui. Acha kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu ndani. Jeli za Carbopol (polima ya kutengenezea jeli za kupaka), kwa upande wake, huwa nyepesi kama maji zikikutana na chumvi au zikiwa bado na asidi. Rekebisha pH hadi 6 au 7 kabla ya kulaumu fedha.

Dalili: fedha ilikuwa nzuri, imeharibika ilipokutana na kitosani

Chembe zenye sitrati zina chaji hasi. Kitosani, polima inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ikiyeyushwa kwenye asidi ina chaji chanya. Zikikutana hukumbatiana na kutengeneza nyuzi na mabonge, na sitrati yenyewe huikaza kitosani. Jawabu ni mojawapo kati ya mawili: linda chembe kwa polivinilipirolidoni, au zitengeneze ndani ya kitosani tangu mwanzo, ili kitosani ndiyo iwe ganda lake.

Kitosani iyeyushe kwa asidi ya asetiki ya asilimia 1, kamwe si hidrokloriki, na sababu unaijua sasa. Usipandishe pH kupita 6 na nusu kwa haraka, itaganda mashapo mikononi mwako.

Simama. Borohidridi ikimwagwa kwenye asidi hutoa hidrojeni kwa kasi na povu. Idondoshe polepole, chombo kikiwa wazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, pasiwe na moto wala kichomeo karibu. Usifunge kifuniko kwenye chupa inayotoa mapovu.

Dalili: dawa yote inatoka saa ya kwanza, haitoki kabisa, au hesabu inazidi asilimia 100

Sasa jeli yenye dawa imewekwa kwenye bafa, na dawa inayotoka inapimwa kila baada ya muda. Hapa ndipo kazi nyingi huvunjika, nami nawaomba mtulie.

Anza na ile inayozidi asilimia 100, kwa kuwa mara nyingi ni kosa la kipimo. Fedha hufyonza mwanga hadi kwenye eneo la urujuanimno, palepale unaposoma dawa: siprofloksasini karibu na nanomita 277, metronidazoli karibu na 320. Chembe zikivuja kutoka kwenye jeli, mashine inazihesabu kama dawa. Fanya jaribio sambamba la jeli yenye fedha isiyo na dawa, na utoe usomaji wake wa saa ileile. Ikibaki bado inazidi, tenganisha kwa kromatografia ya kimiminika.

Mkunjo unaopanda kisha kushuka una maelezo mawili. Ulitoa mililita 2 kila mara, ukarudisha mililita 2 za bafa safi, ukasahau kuhesabu dawa uliyoiondoa. Au dawa inaharibiwa na mwanga, jambo ambalo siprofloksasini na metronidazoli zote zinalo. Sahihisha hesabu kwanza, kisha funika vyombo.

Mmwagiko wa saa ya kwanza kwa kawaida ni dawa iliyokaa juu ya jeli. Suuza shanga haraka, pima kilichotoka kwenye maji ya kusuuzia, kitoe kwenye jumla. Ukiendelea, zivike shanga ganda jembamba la kitosani au ongeza alginati. Lakini kama jeli yenyewe imesambaratika, usihangaike na dawa: bafa yako ina fosfati, nayo inaivuta kalsiamu kutoka kwenye alginati. Bafa ya fosfati yenye chumvi ina pia milimolari 137 za kloridi ya sodiamu, kwa hiyo inakuharibia mara mbili.

Suluhisho linaloonekana rahisi ni kuhamia bafa isiyo na kloridi wala fosfati. Lifanye ili kuelewa mfumo wako, ila usiishie hapo. Kidonda cha mtu kina kloridi, kina kalsiamu, kina protini. Grafu nzuri iliyopatikana kwenye maji matupu haimsaidii mgonjwa. Kimiminika cha kuiga majimaji ya kidonda kinachotumika kupimia vitambaa vya vidonda kina gramu 8.298 za kloridi ya sodiamu na gramu 0.368 za kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, kwa lita. Kitengeneze, rudia jaribio humo, na uripoti matokeo yote mawili hata kama la pili ni baya. Nimeshaona kijana akilia machozi kwa matokeo hayo, na bado nilimwambia ayaandike.

Dawa ikiwa haitoki kabisa, tazama jina lake. Dawa zenye kundi la salfa na hidrojeni, kama kaptoprili, hushika uso wa fedha na haziachii. Siprofloksasini hushikana na kalsiamu. Na hapa ndipo mshukiwa wa tatu niliyemwahidi: soma lebo hadi mwisho. Siprofloksasini ya dukani mara nyingi ni hidrokloridi. Karibu gramu 9 katika kila gramu 100 zake ni kloridi. Doksisaikilini nayo hivyo hivyo. Tafuta umbo lisilo na chumvi hiyo, au chagua metronidazoli kwa majaribio ya kwanza.

Usikimbilie pia kuandika namba ya Korsmeyer na Peppas, mlinganyo wa kueleza jinsi dawa inavyotoka, kwa mkunjo mzima. Mlinganyo huo ni wa asilimia 60 za kwanza tu.

Dalili: duara la kuzuia bakteria ni dogo, au jeli tupu nayo inaua

Duara ni eneo lisilo na bakteria linalobaki kuizunguka jeli kwenye sahani, na likiwa dogo si lazima fedha iwe dhaifu. Chembe hupita kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) kwa shida, na chakula cha bakteria kina protini na kloridi zinazozishika ayoni. Rudia kwa kipimo cha kiwango cha chini kinachozuia ukuaji, kwenye mchuzi wa lishe ya bakteria, ukiweka nitrati ya fedha kama mlinganisho. Usisome ukungu kwa mashine peke yake, kwa kuwa fedha nayo ina rangi. Chukua tone, pandikiza kwenye sahani, hesabu makoloni (vikundi vya bakteria vilivyoota).

Jeli tupu ya kitosani ikiua, huenda ni asidi iliyobaki, au kitosani yenyewe, ambayo nayo huzuia bakteria. Ioshe hadi pH ya maji ya kuoshea itulie, kisha jaribu tena.

Otoklevu (chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke) ya nyuzi 121 huvunja minyororo ya alginati na kukuza chembe. Chuja vimiminika kwa kichujio cha mikromita 0.22 kabla ya kugandisha, ufanye kazi ndani ya kabati safi. Chembe zikibaki kwenye kichujio, zilikuwa zimeshikamana tangu awali.

Dalili: seli za ngozi zinakufa pamoja na bakteria

Kwanza osha ayoni huru: weka jeli kwenye maji safi, badilisha mara kadhaa, pima fedha inayotoka. Pili, punguza kipimo kwa mfululizo, kwa sababu fibroblasti (seli zinazojenga ngozi) huumia kwa fedha kama bakteria wanavyoumia, na kazi yako ni kutafuta nafasi kati ya hao wawili. Tatu, hakikisha kipimo chenyewe: fedha inaweza kuingiliana na MTT, rangi inayotumika kupima seli zilizo hai. Weka visima vyenye jeli na rangi bila seli.

Simama hapa, kabisa. Kuna aliyewahi kunionesha mkono ulioungua kwa mafuta ya kukaangia, akiniuliza kama anaweza kujaribu jeli yake mwenyewe. Nilimpeleka zahanati. Jeli ya maabara haijathibitishwa usafi, haijajulikana fedha kiasi gani huingia mwilini, na fedha ikikusanyika mwilini hubadilisha ngozi kuwa ya bluu ya kijivu, rangi isiyoondoka. Hospitali tayari zina krimu ya sulfadiazini ya fedha ya asilimia 1 kwa walioungua, na daktari ndiye anayejua lini itumike na lini isitumike. Kumgusa mtu au mnyama kwa jeli yako kunahitaji kibali cha maadili ya utafiti. Kwa Tanzania anza na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Kwa Kenya, NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) na bodi ya dawa na sumu.

Ajali ndogo na mabaki

Madoa meusi kwenye vidole baada ya nitrati ya fedha huondoka yenyewe ngozi inapojibadilisha, vaa glavu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 mfululizo, mtu mwingine akitafuta usafiri, kisha hospitali hata kama maumivu yameisha.

Usimwage mabaki kwenye sinki. Fedha ni sumu kwa viumbe wa majini hata ikiwa kidogo sana. Weka chupa moja yenye lebo kwa mabaki ya ayoni za fedha, isiyo na amonia wala ethanoli. Ikijaa, tia chumvi ya kawaida hadi mashapo meupe yaache kuongezeka, yaache yatulie usiku kucha, chuja, ukayakabidhi kwa anayesimamia taka za kemikali.

Yale ya borohidridi yaweke kwenye chupa yake, kifuniko kikiwa kimelegezwa.